Barua hiyo si ya kukataliwa: sura ya tasnifu, jarida la Kihispania na marekebisho makubwa

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimemaliza uzamili wa fasihi ya Kihispania hapa Nairobi. Tasnifu yangu inahusu riwaya za Guinea ya Ikweta, hasa Ekomo ya María Nsué Angüe. Nilituma sura ya pili kwa majarida mawili, moja baada ya jingine. La kwanza lilijibu ndani ya siku tisa kwamba makala haiendani na malengo yao. La pili lilikaa nayo miezi saba, kisha likaleta ripoti mbili zinazopingana: mhakiki mmoja anasema nadharia imezidi, mwingine anasema haitoshi. Barua ya mhariri inasema makala "haiwezi kuchapishwa katika hali yake ya sasa, ingawa bodi iko tayari kupokea toleo lililofanyiwa marekebisho makubwa". Nimevunjika moyo. Wiki iliyopita nimepata barua pepe ya jarida jingine linalonisifu sana na kuahidi kuchapisha ndani ya wiki mbili kwa dola 250. Nikubali? Na je, ingekuwa afadhali niandike kwa Kiingereza?

Jibu: Marahaba. Umekataliwa mara moja tu, dada, si mara mbili. Rudi kwenye ile barua ya pili uisome nusu yake ya mwisho. Mhariri anayekataa huandika mstari mmoja wa shukrani na kukutakia heri kwingineko. Hapotezi muda kutaja bodi wala toleo jipya. Katika majarida ya fasihi ya Kihispania, makala kupokelewa bila kuguswa ni jambo adimu sana, na "marekebisho makubwa" ndiyo njia ambayo makala nyingi zinazochapishwa zimepitia. Wanaoanza huisoma barua hiyo kama talaka, wanaacha muda upite, kisha wanapeleka mswada uleule kwa jarida la tatu, ambako huenda ukamfikia mhakiki mmoja kati ya wale wale wawili. Uwanja wa fasihi ya Guinea ni mdogo kiasi hicho.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kumwandikia mhariri wa jarida la pili leo au kesho, mistari mitatu kwa Kihispania: unashukuru kwa ripoti, unakusudia kurekebisha, unauliza tarehe ya mwisho na kama toleo jipya litarudi kwa wahakiki walewale. Muda unaotolewa kwa kawaida ni kati ya miezi miwili na minne. Ukichelewa kupita hapo, mfumo wa jarida hufunga faili na kukuhesabu kuwa mwandishi mpya, na foleni inaanza upya.

Hilo la dola 250 likatae, na usijibu hata kwa adabu, maana jibu lolote linathibitisha kwamba anwani yako ina mtu. Wiki mbili hazitoshi hata kumpata mhakiki wa kwanza. Mhariri wa kweli huandikia watu wanne au watano ili wawili wakubali, na hao wawili hupewa wiki nne hadi nane kila mmoja. Halafu kuna jambo ambalo wenzetu wa sayansi hawalijui: katika fasihi ya Kihispania, sehemu kubwa ya majarida mazuri hayamtozi mwandishi hata senti. Revista de Filología Española, iliyoanza 1914 na inayotolewa na baraza la utafiti la Uhispania, CSIC, haitozi. Nueva Revista de Filología Hispánica ya El Colegio de México, iliyoanza 1947, haitozi, na msomaji naye hasomi kwa malipo. Majarida ya mashirika makubwa ya uchapishaji yanaweza kukupa hiari ya kulipia makala iwe huria kwa wote, lakini ni hiari, na inakuja baada ya kukubaliwa. Mengine, hasa ya vyama vya kitaaluma, hukutaka uwe mwanachama na kulipa ada ya mwaka. Hiyo nayo ni halali, mradi imeandikwa wazi kwenye maelekezo kwa waandishi kabla hujatuma chochote.

Ukitaka kulipima jarida usilolijua, usianze na tovuti yake. Chukua ISSN, yaani namba ya utambulisho wa jarida, uitafute kwenye lango la kimataifa la ISSN, uone kama jina, nchi na anwani ya tovuti vinalingana, kwa sababu kuna matapeli wanaonakili tovuti ya jarida la kweli na kupokea miswada kwa niaba yake. Kisha nenda DOAJ, orodha ya kimataifa ya majarida huria, ambako ada ya kila jarida imeandikwa wazi, hata kama ni sifuri. Kwa majarida ya Amerika ya Kilatini, Uhispania na Ureno kuna Latindex, mfumo wa kuorodhesha majarida ulioanzia UNAM, chuo kikuu cha taifa cha Mexico, mwaka 1997. Hapo kuwa macho. Latindex ina orodha mbili zinazochanganywa makusudi. Directorio inasema tu kwamba jarida lipo. Catálogo ndiyo inayosema kwamba limepimwa kwa vigezo na kufaulu. Jarida linalojisifu "tumo Latindex" bila kusema ni orodha ipi, mara nyingi limo kwenye ile ya kwanza. Kuonekana Google Scholar nako si sifa. Inaokota kila kitu.

Sasa tuje kwenye lile la siku tisa. Hukumu ya haraka hivyo hutolewa na mhariri mwenyewe, kabla ya wahakiki, na mara nyingi haihusu ubora. Inahusu mazungumzo gani yanaendelea ndani ya jarida hilo. Kwa nje majarida haya yanafanana, kwa ndani hayafanani kabisa. Yale ya filolojia, kama hayo mawili niliyoyataja, yanataka matini, chapa, lugha, historia ya maandishi. Makala ya nadharia ya baada ya ukoloni bila kazi ya karibu kwenye matini haitavuka mlango. Hispanic Review, iliyoanza 1933 na inayotolewa na chapa ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na Bulletin of Hispanic Studies ya Liverpool, iliyoanza 1923, zinapokea upana mkubwa zaidi wa karne na mbinu. Revista Iberoamericana macho yake yako Amerika ya Kilatini. Riwaya ya Guinea ya Ikweta hapo itahitaji hoja ya ziada ya kwa nini iko humo. Journal of Spanish Cultural Studies, iliyozaliwa 2000, inataka utamaduni kwa mapana yake, ikiwemo filamu, miji, kumbukumbu na siasa, na riwaya inayosomwa peke yake bila hayo itaonekana nyembamba. Afro-Hispanic Review, iliyoanza 1982, ndiyo nyumba ya karibu zaidi ya mada yako. Na usiisahau Research in African Literatures ya Indiana, iliyoanza 1970, ambayo inasoma Afrika kwa lugha zote lakini kwa wasomaji ambao wengi wao hawasomi Kihispania.

Jinsi ya kujua mahali pako ni kazi ya alasiri moja. Fungua orodha za yaliyomo za miaka mitatu iliyopita. Hesabu makala ngapi zinagusa Afrika, ngapi riwaya ya karne ya 20, ngapi zinamsoma mwandishi mmoja kwa kitabu kimoja. Ukipata sifuri kwenye yote matatu, usijipe moyo kwamba utakuwa wa kwanza. Kisha geuza upande: pitia marejeleo ya tasnifu yako na uone makala kumi unazozitegemea zaidi zilichapishwa wapi. Majina mawili au matatu yatajirudia, na hayo ndiyo majarida yako. Kama maktaba yako ina MLA International Bibliography, hifadhidata ya machapisho ya fasihi na lugha, tafuta humo orodha ya majarida: inaonyesha lugha zinazokubaliwa, urefu unaotakiwa, kama uhakiki ni wa pande zote mbili kutojuana, na mara nyingi miswada mingapi huingia kwa mwaka na mingapi hutoka. Kama haina, Dialnet ya Chuo Kikuu cha La Rioja ni bure na inatosha kwa orodha za yaliyomo za Uhispania. Kwa upande wa pili wa bahari kuna Redalyc na SciELO. Angalia pia kama toleo la mwisho lilitoka kwa wakati. Jarida zuri lililochelewa mwaka mzima litachelewesha na makala yako.

Ripoti zinazopingana sasa. Nadharia imezidi, nadharia haitoshi. Wahakiki hawa wawili wameona ugonjwa mmoja kwa dalili mbili. Ninachokishuku, bila kuiona sura yenyewe, ni kwamba umeirundika nadharia yote mwanzoni, kurasa sita au saba, kisha ukaingia kwenye riwaya na kuisahau. Msomaji wa kwanza alichoka na rundo. Wa pili alipofika kwenye uchambuzi hakuona dhana yoyote ikifanya kazi. Dawa ni moja: ondoa rundo, chukua dhana moja au mbili tu, na uzitumie mahali ambapo ukurasa wa riwaya unazidai.

Hapa ndipo sura ya tasnifu inapotofautiana na makala, na watu wengi hudhani tofauti ni urefu. Tasnifu inamthibitishia mtahini kwamba umesoma. Makala inamwendea msomaji ambaye tayari anajua umesoma na anataka kujua una neno gani jipya. Karibu kila sura kuhusu Guinea ninayoisoma huanza na mkataba wa El Pardo wa 1778, ambao Ureno iliiachia Uhispania eneo hilo, inapita kwenye uhuru wa tarehe 12 Oktoba 1968, inakaa kidogo kwenye utawala wa Macías, rais wa kwanza, hadi mapinduzi ya Agosti 1979, ndipo inaanza kutaja riwaya. Mhakiki wa jarida la Kihispania anazijua tarehe hizo. Zinahitaji maneno 400, tena pale tu ambapo uchambuzi unazihitaji.

Anza na kitu ambacho kiko ndani ya kitabu na ambacho hakitulii. Chukua mfano huu:

"Riwaya imebeba jina la mume, lakini anayesimulia ni mke. Ekomo yuko kwenye jalada. Nnanga yuko kwenye kila ukurasa. Wahakiki wameusoma upungufu huo wa jina kama ishara ya mwanamke kunyimwa nafasi. Makala hii inadai kinyume: kwamba kuwekwa kwa jina la mume nje ndiko kunakompa Nnanga ruhusa ya kusema ndani yale ambayo desturi haimruhusu mwanamke kuyasema hadharani."

Si lazima ukubaliane na dai hilo, nimelitunga kwa ajili ya mfano. Tazama muundo wake. Sentensi tatu za kwanza zinaweza kuthibitishwa na yeyote mwenye kitabu. Ya nne inataja wengine wamesema nini. Ya tano inaleta ugomvi. Mhariri anayesoma miswada kumi kwa siku anajua ndani ya mistari minne kwamba kuna hoja, inahusu nini, na inapingana na nani. Linganisha na "Sura hii inachunguza nafasi ya mwanamke katika riwaya ya Ekomo kwa kutumia nadharia ya ufeministi wa baada ya ukoloni". Sentensi hiyo haina kosa la sarufi wala haina dai. Haiwezi kukanushwa, na kisichoweza kukanushwa hakihitaji kurasa ishirini.

Kwa vipimo: majarida mengi ya fani hii yanataka maneno kati ya 6,000 na 9,000, tanbihi na marejeleo yakiwemo. Sura ya tasnifu kwa kawaida ina 12,000 na kuendelea. Usipunguze sentensi moja moja kila ukurasa; utamaliza ukiwa na sura ileile iliyokonda. Andika upya kwa bajeti. Kwa makala ya maneno 8,000, ningekupangia 600 za ufunguzi na dai, 900 za kujibizana na waliotangulia, 400 za historia, 4,800 za kusoma matini, 400 za kufunga, na 900 za marejeleo. Hizo 4,800 zigawe kwa vifungu vitatu au vinne vya riwaya, si kumi. Kifungu kimoja kinachosomwa kwa kina, hadi nafsi ya vitenzi na marudio ya maneno, kinamshawishi mhakiki kuliko nukuu kumi zilizopangwa moja baada ya nyingine.

Zile 900 za kujibizana ndizo zinazoangusha wengi. Wahakiki hutafuta majina kwanza. Kwa Guinea watatarajia kuona kwamba unaijua antolojia ya Donato Ndongo-Bidyogo ya 1984, mahojiano na tafiti za Mbaré Ngom, kitabu cha Marvin A. Lewis cha 2007 na kazi za Benita Sampedro Vizcaya. Kuwataja tu kwenye tanbihi moja ndefu hakutoshi. Chagua wawili ambao dai lako linawagusa, sema walichosema kwa haki, kisha uonyeshe pale unapoachana nao. Na tafuta yaliyochapishwa katika miaka mitano iliyopita, maana tasnifu huganda pale ilipopitishwa, na mhakiki aliyechapisha mwaka jana atashangaa kujikosa.

Toleo jipya halitumwi peke yake. Linakwenda na barua ya majibu, na kusema kweli barua hiyo ina uzito karibu sawa na makala. Nakili kila pingamizi la mhakiki neno kwa neno, chini yake andika ulichofanya na ukurasa gani. "Nimeondoa kurasa 3 hadi 8 za mswada wa awali, dhana ya sauti sasa inaanzishwa ukurasa wa 4 na inatumika kurasa za 9, 13 na 17." Pale usipokubaliana, sema kwa aya moja kwa nini, kwa ushahidi wa matini, bila kulalamika. Wahakiki wanapopingana kweli kweli, mtu wa kuamua ni mhariri: mwandikie kwamba umefuata njia fulani na sababu yake, au muulize kabla hujaanza. Anapenda kuulizwa. Asichopenda ni kuona pingamizi limerukwa kimya kimya, na mhakiki wa mzunguko wa pili huanza kusoma kwa kulitafuta hilohilo.

Kuhusu lugha. Jarida la pili limekwisha kuipokea kwa Kihispania, basi malizia kwa Kihispania. Kwa makala zijazo amua kwa kuangalia nani atakayesoma na nani atakayekupima. Makala ya Kihispania katika jarida huria inafunguka Malabo, Bogotá na Madrid bila malipo, na waandishi wa Guinea wenyewe wanaisoma. Hilo kwangu si jambo dogo. Ya Kiingereza inakufikisha kwa wataalamu wa fasihi ya Afrika ambao wameizoea ramani yenye Kiingereza, Kifaransa na Kireno, na Guinea wanairuka. Kamati za kupandisha vyeo nazo mara nyingi huangalia kama jarida limo Scopus au Web of Science, hifadhidata za kimataifa za majarida, kuliko lugha iliyotumika, na yako majarida ya Kihispania yaliyomo humo. Uliza idara yako orodha wanayoitambua kabla ya kuchagua. Kuchapisha makala ileile kwa lugha zote mbili, bila idhini ya jarida la kwanza na bila kulitaja, kunahesabiwa kuwa uchapishaji maradufu.

Lugha ina hesabu yake pia. Majarida ya wanahispania huacha nukuu za Kihispania zilivyo hata makala ikiwa ya Kiingereza, kwa sababu wasomaji wao wanazielewa. Jarida la fasihi ya Afrika litataka nukuu ya asili na tafsiri yake. Ukiwa na maneno 900 ya nukuu, tafsiri inaongeza mengine kama hayo, na makala iliyokuwa imeingia kwenye kikomo inatoka nje. Weka nafasi hiyo tangu mwanzo.

Ikisiri nayo itatakiwa kwa lugha mbili, Kihispania na Kiingereza, maneno 150 hadi 200 kila moja, na istilahi tano au sita. Ikisiri ibebe dai, si mpango wa sura. Istilahi zisirudie kichwa cha makala. Hapo ndipo pa kuweka nchi, jina la mwandishi, Wafang (jamii ya wahusika wa riwaya), usimulizi wa nafsi ya kwanza, yaani maneno ambayo mtafutaji ataandika asipokijua kichwa chako. Mpe mtu mwenye Kiingereza kizuri cha kitaaluma aipitie. Mashine inaweza kukusaidia rasimu, ila majarida mengi sasa yanataka useme umetumia nini.

Mtindo wa marejeleo fuata wa jarida hadi nukta. Yaliyoko Marekani mengi yanafuata MLA, toleo la tisa la 2021. Ya Uhispania mara nyingi yana mtindo wao wenyewe, na alama za nukuu za pembe « » kabla ya zile za kawaida. Vichwa vya vitabu vya Kihispania vina herufi kubwa kwenye neno la kwanza na majina maalumu tu. Mwenye majina mawili ya ukoo anaorodheshwa kwa la kwanza: García Márquez yuko kwenye G, Ávila Laurel kwenye A, Nsué Angüe kwenye N. Wahariri huyatazama haya kwa jicho la haraka na kupata picha ya uangalifu wako wote. Taja pia chapa gani ya Ekomo unayonukuu, ile ya 1985 ya UNED, chuo kikuu cha Uhispania cha elimu ya masafa, au ya baadaye, na usichanganye namba za kurasa.

Desturi hiyo ya majina inakugusa na wewe. Hifadhidata za Kihispania zikiona majina matatu, zinachukua mawili ya mwisho kuwa ya ukoo. Ukisaini makala moja kwa majina matatu na nyingine kwa mawili, utakuwa waandishi wawili tofauti, na nukuu zako zitagawanyika. Jiandikishe ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti, ni bure, chagua sura moja ya jina, na kama unataka majina mawili ya mwisho yashikamane, yaunge kwa kistariungio.

Kabla ya kutuma, futa dalili zako ndani ya mswada. Jina kwenye ukurasa wa kwanza kila mtu huliondoa. Linalosahaulika ni lile lililojificha kwenye sifa za faili, ambalo programu ya kuandikia huliweka yenyewe, na lile linalobaki kwenye maoni ya pembeni ya msimamizi wako. "Kama nilivyoonyesha katika tasnifu yangu" nayo inakutaja. Na kwa kuwa tasnifu huenda iko kwenye hazina ya chuo, wazi kwa yeyote, badilisha kichwa cha makala kisifanane nayo, na umwambie mhariri, si wahakiki, kwamba makala imetokana nayo. Majarida mengi ya maana hayakatai kwa sababu hiyo. Linalokera ni kuligundua baadaye kwenye programu ya kupima mfanano.

Haki miliki kwako ni nyepesi. Kunukuu vifungu vya riwaya kwa ajili ya kuvichambua kunaruhusiwa. Sheria ya Uhispania inalisema hilo kwenye kifungu cha 32. Inayoleta shida ni picha ya jalada, picha ya mwandishi, na shairi zima. Hivyo vinataka ruhusa ya maandishi, na ni mwandishi wa makala anayeitafuta na kuilipia, si jarida. Muda wa ulinzi nao una mtego wake: kanuni ya kawaida Uhispania ni miaka 70 baada ya kifo, lakini kwa waliofariki kabla ya tarehe 7 Desemba 1987 ni 80, na ndiyo maana kazi za mshairi García Lorca, aliyeuawa 1936, ziliachiwa huko mwanzoni mwa 2017 tu. Nsué Angüe alifariki 2017, kwa hiyo kazi zake bado zinalindwa. Kama unataka kielelezo, tafuta kwanza kwenye maktaba ya kidijitali ya Maktaba ya Taifa ya Uhispania, na usome masharti ya kila picha.

Ikikubaliwa, utaletewa nakala ya kusahihisha iliyopangwa, na utapewa saa 48 hadi wiki moja. Huo si wakati wa kuboresha sentensi. Tafuta alama zilizopotea, ñ, ü ya Angüe, ¿ na ¡ za mwanzo, majina ya Kifang, na nukuu zilizoungana na aya zako. Kati ya kukubaliwa na kutoka kunaweza kupita miezi sita hadi mwaka na nusu. Omba barua ya kukubaliwa yenye tarehe, maana idara nyingi huipokea kama ushahidi.

Wakati unasubiri, andika hakiki ya kitabu kipya cha fani yako, maneno 800 hadi 1,200. Haikupandishi cheo, lakini inakuweka mbele ya mhariri wa hakiki. Usiitume tu, mwandikie kwanza, mtajie kitabu na uwezo wako wa kukisoma kwa lugha yake. Fuatilia pia matangazo ya matoleo maalumu kuhusu Afrika na ulimwengu wa Kihispania, kwa sababu huko tarehe zinaheshimiwa zaidi na mhariri mwalikwa ana sababu ya kutaka makala yako ifaulu.

Na ukimya ukizidi? Ukipita mwezi wa nne bila neno, andika mistari miwili yenye namba ya mswada na tarehe uliyowasilisha, uulize hatua iliyofikiwa. Rudia baada ya wiki sita. Ukiamua kuondoka, usitume kwingine huku mswada ukiwa bado mezani kwao. Waandikie kwamba unauondoa, subiri jibu la maandishi au hali ya mswada ibadilike kwenye mfumo, uhifadhi nakala ya hilo, ndipo uutume kwa jarida linalofuata.